Ndege zisizo na taa: walichoona na kusikia watu wa mashariki ya Kongo usiku

Mtu anayelala chini ya turubai hujifunza sauti haraka. Anaijua sauti ya lori la maji, ya mvua inayokuja kutoka upande wa ziwa, ya risasi ya mbali na ya karibu. Lakini kuna mlio mmoja ambao umewatoa watu nje ya vibanda mara nyingi, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ni injini inayonguruma juu, saa saba au saa nane za usiku, na ukitazama angani huoni taa yoyote. Unaona nyota tu. Asubuhi, kwenye foleni ya maji, kila mtu ana jibu lake. Huyu anasema ni ya serikali, yule anasema ni ya jirani, mwingine anasema ni ya MONUSCO, na wa nne anaapa kwamba imebeba silaha au imebeba dhahabu.

Ndege ya abiria hairuhusiwi kuruka usiku bila taa. Ina taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, ya kijani kwenye bawa la kulia, na nyingine za kuwakawaka ili zisigongane angani. Ndege ya jeshi ikitaka kujificha huzizima kwa makusudi. Basi anayesema aliona kivuli kikifunika nyota moja baada ya nyingine, huku mlio ukipita, hajaota. Anaeleza kitu ambacho wazazi na babu zake walikijua pia.

Wazee wa Kisangani, enzi hizo ikiitwa Stanleyville, wanaikumbuka asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964. Waasi wa Simba walikuwa wanaushika mji na walikuwa na mateka wengi wa kigeni. Ndege za Marekani aina ya C-130 ziliondoka Kamina, Katanga, usiku wa manane, zikavuka msitu gizani, na kulipopambazuka, kama saa kumi na mbili, askari wa miamvuli wa Ubelgiji wapatao 320 wakaanza kushuka juu ya uwanja wa ndege. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Paulis, yaani Isiro ya leo. Mateka wengi waliokolewa na wengine waliuawa. Wakongomani waliokufa siku zile na wiki zilizofuata walikuwa wengi zaidi, na majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka uliofuata giza liliwasaidia watu wa upande mwingine. Ernesto Che Guevara na wenzake kutoka Kuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965, wakaingia milima ya Fizi kuwasaidia waasi. Walivuka usiku kwa sababu mchana ziwa lilikuwa na doria na juu kulikuwa na ndege za serikali. Baadhi ya marubani wa ndege hizo walikuwa Wakuba pia, wale waliokimbia utawala wa Castro na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Wakuba kwa Wakuba waliwindana juu ya maji ya Fizi na Baraka. Mwezi wa Novemba Guevara aliondoka kwa njia ileile, kwa mitumbwi yenye injini, katika giza.

Lakini usiku ambao umewasumbua zaidi wachunguzi katika ukanda huu ni ule wa tarehe 6 Aprili 1994. Haukuwa Kongo, ulikuwa Kigali, ila matokeo yake yalifika Goma miezi mitatu baadaye na hayajaondoka hadi leo. Ndege aina ya Falcon 50 ilikuwa inarudi kutoka Dar es Salaam ikiwa na rais wa Rwanda, Juvénal Habyarimana, na rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira. Ilikuwa kama saa mbili na nusu usiku. Ilipokaribia uwanja wa Kanombe, watu waliokuwa chini waliona michirizi ya mwanga ikipanda kutoka ardhini. Wengine walisema ilikuwa miwili, wengine mitatu. Mmoja uliikosa ndege. Mwingine uliipata, ikawa mpira wa moto, na mabaki yakaanguka kwenye bustani ya makao ya rais mwenyewe. Watu wote 12 waliokuwa ndani walikufa, wakiwemo Wafaransa watatu walioirusha.

Jambo moja lisichanganywe na lingine. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyoanza usiku huohuo yaliua zaidi ya watu 800,000 ndani ya siku mia moja, wakiwemo pia Wahutu waliokataa kuua. Yalikuwa na watayarishaji wake, orodha zake na silaha zake. Hakuna kombora linaloweza kuwa kisingizio cha hayo. Lakini swali la nani alirusha liliendelea kutembea kutoka kambi hadi kambi, kutoka Mugunga hadi Katale, na kila kundi lilikuwa na hadithi iliyolifaa.

Miaka ilipita. Mwaka 2010 majaji wa Ufaransa, Marc Trévidic na Nathalie Poux, walikwenda Kigali pamoja na wataalamu. Walitaka kujua makombora yalitoka wapi, na ripoti ya wataalamu ikatoka Januari 2012. Kulikuwa na sehemu mbili zilizobishaniwa zaidi, kambi ya jeshi ya Kanombe na kilima cha Masaka. Hakuna aliyekuwa na kamera usiku ule, wala alama ya rada. Kilichokuwepo ni kumbukumbu za watu: askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliokuwa uwanjani, madaktari wa kijeshi wa Ubelgiji waliokuwa nyumbani ndani ya kambi, na wakaazi wa vilima vya jirani.

Na kumbukumbu moja ikawa na uzito kuliko nyingine. Wale waliokuwa katika nyumba za kambi walisema walisikia kwanza mvumo mkali, kama pumzi kubwa inayotoka kwa nguvu, kisha ndiyo ukafuata mlipuko wa ndege. Mtaalamu wa sauti akapiga hesabu. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde, yaani hutumia karibu sekunde tatu kwa kila kilomita. Kutoka Masaka hadi nyumba zile ni zaidi ya kilomita mbili. Kama kombora lingetoka Masaka, mvumo wa kuondoka kwake ungewafikia watu hao wakati ndege imekwisha kulipuka. Wao walisikia mvumo kwanza. Kwa hiyo wataalamu wakaona kwamba huenda makombora yalitoka ndani ya kambi ya Kanombe au pembeni yake.

Ripoti hiyo ilipingwa. Mawakili walilalamika kwamba vipimo vya sauti vilifanyika Ufaransa, si mahali penyewe. Tena, mahali lilipotoka kombora hapasemi moja kwa moja ni mkono wa nani ulioshika bomba. Desemba 2018 majaji waliifunga kesi kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na rufaa hazikubadilisha hilo. Hakuna aliyehukumiwa. Hata hivyo, ni ajabu kidogo kwamba katika shauri zito namna hii, lenye majaji, majenerali na wanadiplomasia, hoja moja kubwa ilisimama juu ya watu waliokuwa nyumbani kwao jioni na waliokumbuka ni kipi kilitangulia, sauti au moto.

Julai 1994 karibu watu milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma na pembezoni mwake ndani ya siku chache. Kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo hata kaburi halichimbiki. Waliokuwepo wanakumbuka kwamba ndege zilitua mchana na usiku, za Wafaransa kwanza, kisha za Wamarekani na za mashirika ya misaada. Zile zilikuwa na taa, na watu walizipenda.

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka, na mbingu ikaanza kuwatazama watu wa chini. Oktoba na Novemba 1996 vita vya AFDL vilivunja kambi moja baada ya nyingine. Tarehe 15 Novemba, siku ileile ambayo Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1080 la kutuma jeshi la kimataifa chini ya Kanada, watu wa Mugunga walianza kurudi Rwanda kwa miguu. Kwa siku chache barabara ya Goma hadi Gisenyi ilijaa zaidi ya watu nusu milioni. Dunia ikaona picha hizo na ikasema tatizo limekwisha. Mashirika ya misaada yakasema hapana, kuna mamia ya maelfu wengine ambao hawakurudi, walioelekea magharibi, Masisi, Walikale na zaidi.

Basi zikaja ndege za kuhesabu. Marekani ilileta Entebbe ndege za P-3 Orion, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuwinda nyambizi baharini, na Uingereza ikaleta Canberra zake za kupiga picha kutoka juu sana. Zilikuwa na kamera kali na vifaa vya kuona joto gizani. Zilipita juu ya Kivu siku baada ya siku kuwatafuta watu. Kwa aliyekuwa chini ya miti, hiyo ilikuwa ngurumo nyingine tu, isiyo na jina. Hakuwa na njia ya kujua kama inamhesabu ili aletewe chakula au ili apigwe.

Na hesabu zenyewe hazikukubaliana. Afisa mmoja wa Oxfam alieleza baadaye kwamba tarehe 20 Novemba Umoja wa Mataifa ulipewa picha zilizoonyesha zaidi ya watu nusu milioni, katika mikusanyiko mitatu mikubwa na mingine midogo mingi. Siku chache baadaye jeshi la Marekani likatangaza kwamba limeona mkusanyiko mmoja tu mkubwa. Hao wengine walikwenda wapi? Msitu wa Walikale hauna huruma kwa kamera, majani yanafunika kila kitu na mawingu hayaondoki. Lakini palikuwa pia na siasa, maana nchi ambazo hazikutaka kutuma askari zilihitaji idadi ndogo. Jeshi la Kanada halikushuka, na mwisho wa Desemba mpango ulifungwa.

Wale waliosemwa hawapo walitokea. Mwanzoni mwa 1997 zaidi ya laki moja walikuwa Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, wamekonda, wakizika watoto kila siku. Wengi wengine hawakutokea popote. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, ile inayoitwa ripoti ya mapping, ilikusanya ushuhuda wa mauaji mengi katika njia hiyo ya magharibi. Sehemu kubwa ya kilichomo ndani yake hakikutoka kwenye kamera za angani. Kilitoka kwa wanavijiji walioona, waliozika, na waliokumbuka tarehe kwa kuihesabu kutoka Krismasi au kutoka msimu wa maharage.

Baada ya vita vya 1998 anga ya mashariki ikawa kama soko lisilo na mlango. Antonov za zamani zilitua popote palipo na majani mafupi, na kule Kilambo, Walikale, zilitua hata juu ya barabara ya lami kubeba mawe ya kasiterite. Tarehe 28 Julai 2003 Baraza la Usalama, kwa azimio 1493, likapiga marufuku kupeleka silaha kwa makundi ya mashariki. Marufuku ikaandikwa, lakini nani ataiona ndege inayoivunja? Rada ya kufuatilia anga lote hilo haikuwepo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walioanza kazi mwaka 2004 walieleza mapema juu ya ndege zenye namba bandia na zinazotua nje ya viwanja vya forodha. Walipotaka kujua zaidi iliwabidi kuuliza walinzi wa viwanja, wafanyabiashara na wakulima wanaoishi karibu.

Ndiyo maana tarehe 3 Desemba 2013 palifanyika sherehe ndogo kwenye uwanja wa Goma. M23 walikuwa wameshindwa mwezi mmoja kabla, na mkuu wa operesheni za amani za Umoja wa Mataifa, Hervé Ladsous, alikuja kuona droni ya kwanza ya MONUSCO ikipaa. Ilikuwa ya Italia, jina lake Falco. Ilikuwa mara ya kwanza Umoja wa Mataifa kutumia chombo cha namna hiyo. Haikubeba silaha, ilibeba kamera. Ni ndogo, mabawa yake yana mita saba hivi, na propela iko nyuma. Ikiwa juu kilomita mbili au tatu, jicho linaikosa hata mchana, bali sikio linaikamata, mlio kama wa pikipiki isiyofika. Moja ilianguka uwanjani Goma Januari 2014. Mei mwaka huohuo nyingine iliona mtumbwi ukizama Ziwa Kivu, na boti za uokoaji zikatumwa. Kuna watu wanaotembea leo kwa sababu hiyo, ingawa katika vijiwe jambo hilo halitajwi sana. Kinachotajwa ni kwamba droni ziliona kila kitu na mauaji yakaendelea, na katika hilo pia kuna ukweli.

Tangu M23 waliporudi vitani mwishoni mwa 2021, anga imejaa tena. Tarehe 24 Januari 2023, jioni, ndege ya kivita ya Kongo aina ya Sukhoi 25 ilipigwa ikishuka kuelekea Goma. Safari hii watu walikuwa na simu mkononi. Video zilizopigwa kutoka chini zinaonyesha kitu chenye mwanga kikipanda kwa kasi, kikiacha moshi, kisha mlipuko karibu na ndege, ambayo ilifaulu kutua na moto ukazimwa. Kigali ilisema ndege hiyo iliingia anga yake. Kinshasa ilisema ilipigwa ikiwa ndani ya Kongo, na ikaliita tendo la vita. Video haikumaliza ubishi juu ya mpaka, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba halikutokea. Mwaka huohuo serikali ilipata droni za CH-4 kutoka China, zenye silaha, zilizokuwa zikiruka kutoka Kavumu, karibu na Bukavu. Na usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 2024 milipuko iliamsha mitaa iliyo karibu na uwanja wa Goma. Msemaji wa jeshi alisema ni droni zilizotoka Rwanda na kwamba ndege za kiraia ziliharibiwa.

Katika hali hiyo haishangazi kwamba kila mstari angani unatisha. Ila mingine haina kosa. Tangu Mei 2019 kampuni ya Marekani inayomiliki Starlink hurusha satelaiti nyingi kwa mara moja, na siku za kwanza zinapita zikifuatana kama shanga kwenye uzi, bila mlio wowote. Huonekana jioni baada ya jua kuzama au alfajiri, kwa sababu juu kule jua bado linazimulika, kisha zinazimika ghafla zikiingia kwenye kivuli cha dunia. Kutoweka huko ndiko kunakowatisha watu. Mstari mweupe mrefu chini ya mbalamwezi mara nyingi ni mvuke ulioganda nyuma ya ndege ya abiria inayopita kilomita kumi juu, safarini kwenda mbali. Droni na Antonov haziruki kwenye baridi ya namna hiyo, haziachi mstari huo. Wingu jekundu upande wa kaskazini mwa Goma, hilo wenyeji wanalijua, ni Nyiragongo. Lakini usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipopasuka, hata wenyeji walichelewa dakika chache kuamini kwamba safari hii wekundu ule unateremka.

Kuna kosa lingine dogo ambalo limewapotosha mashahidi wengi wa kweli. Mtu husikia mlio, hutazama pale mlio unapotoka, haoni kitu, kisha husema ndege haikuwa na taa. Ndege iliyo juu kilomita sita sauti yake inachukua sekunde 18 kumfikia. Ikienda kilomita 600 kwa saa, muda huo imekwisha kusogea kilomita tatu mbele. Atazame mbele ya sauti, si kwenye sauti. Asipoona taa hata huko, basi ana jambo la kusema. Na wanaokuja kuuliza, wawe wa korti au wa Umoja wa Mataifa, huuliza yaleyale waliyoulizwa watu wa Kanombe: ilikuwa saa ngapi, ilitoka upande gani ikaenda upande gani, ulikuwa umesimama wapi, ulisikia kwanza au uliona kwanza. Swali la ilikuwa ya nani halimo, na shahidi anayeanza na hilo humpa wakili wa upande wa pili kazi rahisi.

Uwanja wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, na wiki zilizofuata kambi za pembezoni, Bulengo, Lushagala na nyingine, zikavunjwa. Familia zikatawanyika, nyingine zikarudi kwenye mashamba ya Masisi na Rutshuru yaliyoota magugu, nyingine zikapanga chumba kimoja mjini. Zamani, mlio wa usiku ukipita juu ya Birere, mtu angeweza kujigeuza kitandani na kusema ni ndege imechelewa kutua.